Mbona "has come at 2010hrs" inakatwa na "has not come back" inaachwa?

Soja wa Geti

Wadau, habari za jioni. Nina swali la Kiingereza na naomba mnivumilie, maana nitaanza na kazi kabla ya kufika kwenye sarufi.

Mimi ni askari wa usiku kwenye fleti moja huku Kileleshwa, Nairobi. Kazi yangu ni geti, taa za ngazi, pampu ya maji, jenereta na kile kitabu tunachokiita OB, ambamo kila anayeingia na kutoka lazima aandikwe na saa yake. Zamani tuliandika Kiswahili na hakuna aliyelalamika. Halafu baadhi ya nyumba zikanunuliwa na watu wanaoishi Uingereza. Ejenti anayesimamia jengo akaamuru OB iwe Kiingereza tupu, na kila asubuhi ukurasa upigwe picha uingizwe kwenye grupu ya WhatsApp ya wenye nyumba. Sawa. Kiingereza ninacho, kidato cha nne nilimaliza. Taabu ni kalamu nyekundu ya huyo ejenti.

Haya ni ya juzi, nayanakili yalivyo:

2010hrs – Plumber has come at 2010hrs and has gone to B4.
2130hrs – Plumber has left at 2130hrs.
2145hrs – Tenant of C7 has left with two bags at 2145hrs.
0305hrs – Power has gone off. I have started the generator.
0430hrs – A man has stood outside the gate.
0600hrs – Tenant of C7 has not come back. Generator is running since 0305hrs.

Jioni nikaikuta imekatwakatwa yote. Has come, has gone, has left, have started, has stood, mpaka is running. Iliyopona ni moja tu, "Tenant of C7 has not come back", na hiyo akaipigia tiki kabisa. Sasa has si ni ileile? Kwa nini huku inakatwa na kule inapata tiki? Nilimuuliza kosa ni nini, akasema "tenses, tenses", akapandisha kioo cha gari akaenda zake.

Na msidhani ni mambo ya kalamu tu. Mstari wa kwanza ulikuwa chini kabisa ya ukurasa mmoja, hayo mengine yakaangukia ukurasa wa pili. Askari wa mchana akapiga picha ukurasa wa kwanza peke yake. Mwenye B4 yuko Uingereza, ndani anakaa mdogo wake wa kike, msichana wa chuo. Akasoma "Plumber has gone to B4", akauliza kwenye grupu mbele ya watu wote fundi wa mabomba analala kwa mdogo wake kwa ruhusa ya nani. Mnaweza kujaza wenyewe yaliyofuata.

Shuleni tuliambiwa -me- ni has au have. Fundi amefika saa mbili na dakika kumi. Stima imepotea saa tisa na dakika tano. Nani ataniambia hayo si Kiswahili? Basi Kiingereza chake kina kosa gani?

Kijana wa Umoja

Kaka, huyo ejenti anakuonea tu. Present perfect, yaani hiyo has au have pamoja na kitenzi, ni kitendo kilichomalizika hivi punde. Fundi amefika, wewe hapo hapo umeandika, hata dakika haijapita. Has come iko sawa kabisa. Muulize yeye alipata nini kwa Kiingereza KCSE, mtihani wa kidato cha nne.

Mwalimu Mstaafu

Soja, ejenti wako hakuonei. Alichokosa ni kukueleza. Mimi nimefundisha Kiingereza shule za upili za Eastlands mpaka nikastaafu, na hiyo "hivi punde" ya kijana wa Umoja nimekutana nayo kila muhula. Ona, nimeandika "nimefundisha" na sifundishi tena. Kiswahili kimekubali bila kununa. Kiingereza kingenitaka niseme I taught, kwa sababu kazi ile imekwisha.

"Hivi punde" si kipimo. Linganisha hizi mbili:

I ate five minutes ago.
Kenya has had five presidents since 1964.

Ya kwanza ni ya dakika tano tu, na ukisema I have eaten five minutes ago utakatwa. Ya pili inaanza na Mzee Jomo Kenyatta, inapita kwa Moi, Kibaki na Uhuru hadi Ruto, zaidi ya miaka 60, na hapo has ni lazima. Kama suala lingekuwa upya wa jambo, mambo yangekuwa kinyume.

Have na has ni vitenzi vya wakati uliopo. Anayesema has anakupa habari ya sasa. Jambo lenyewe lilitokea nyuma, ndiyo, lakini analitaja kwa ajili ya hali ilivyo wakati anasema. Plumber has gone to B4 maana yake fundi yuko B4, au angalau hajarudi. Plumber went to B4 inasema alikwenda, basi. Kama bado yumo au alishatoka, sentensi hiyo haina habari nayo. Kwa hiyo yule mwenye B4 alikisoma Kiingereza chako sawasawa. Uliandika kwamba fundi yumo ndani, naye akasadiki.

Jambo la pili ndilo linalokuponza mstari kwa mstari. Ukitaja wakati uliokwisha, iwe saa, siku au mwaka, umeondoka kwenye sasa na kwenda wakati ule, na has haikufuati huko. At 2010hrs, yesterday, last night, in 2019, two hours ago: zote hizo zinataka came, went, left. Has come ikiwa peke yake ni sawa. Came at 2010hrs ni sawa. Ni kuzifunga has na saa kwenye sentensi moja ndiko kusikowezekana, na hapo Mwingereza na Mmarekani hawana ugomvi.

Sasa fungua OB yako. Pembeni kuna safu ya saa. Hata usipoirudia saa ndani ya sentensi, na usiirudie, unamaliza wino bure, kila mstari tayari una wakati wake. Huwa unasimulia yaliyotokea saa fulani. Kwa hiyo:

2010hrs – Plumber came in, went to B4.
2130hrs – Plumber left.
2145hrs – Tenant of C7 left with two bags.
0305hrs – Power went off. I started the generator.

Mstari wa saa kumi na mbili asubuhi ni wa aina nyingine. Pale husimulii tena, unamkabidhi mwenzako jengo, na anachotaka kujua ni anachokikuta: nani hajarudi, nini kimeharibika, nani ameitwa. Hapo ndipo nyumbani kwa has:

0600hrs – Tenant of C7 has not come back. Power has not come back. The lift has stopped working. I have called the technician.

Soma tena uone. Hakuna hata moja inayosema jambo lilitokea saa ngapi, na kila moja inajibu swali "kukoje sasa hivi?" Ndiyo maana ya tiki.

Imebaki ile ya A man has stood outside the gate, na hapo -me- ndiyo iliyokupoteza. Kwa Kiswahili utasema "kuna mtu amesimama nje", na ni sahihi, kwa sababu vitenzi vyetu vya mkao na hali huchukua -me- kuonyesha mtu alivyo: amesimama, amekaa, amelala, amevaa koti, amelewa, amechoka. Kiingereza hakina haja ya has kwa hao wote. He is standing, he is sitting, he is asleep, he is wearing a coat, he is drunk, he is tired. Na kwa kuwa mstari wako una saa ya usiku pembeni, inakuwa A man was standing outside the gate. Siku polisi wakitaka kusoma kitabu hicho, hutapenda washindwe kuelewa kama yule mtu alikuwa amesimama, alisimama akaondoka, au alisimama usiku kucha.

Hilo la "-me- ni has" lilikufaa darasa la tano, usilitupe. Mara nyingi linatoka sawa. Ila -me- inakubali saa ("amefika saa mbili"), inakubali hata jana kwenye mazungumzo ya watu, ingawa mwalimu wa Kiswahili angekutaka useme "nilimwona jana". Has haikubali yote mawili.

Kijana wa Umoja

Haya Mwalimu, nimeshindwa na marais watano. Lakini nilivyosema mimi ndivyo kitabu chetu kilivyosema.

Soja wa Geti

Mwalimu, asante sana. Hilo la safu ya saa limenifungua macho, maana nilikuwa natafuta kosa ndani ya sentensi na lenyewe liko pembeni.

Nina mengine hata hivyo. Kwanza, hiyo "sasa" ni ya nani? Mimi naandika saa kumi na mbili asubuhi. Wale wa Uingereza saa hizo bado ni usiku kwao, saa tisa au saa kumi. Akiamka akasoma has not come back, huenda C7 keshafika, keshaoga, yuko kwenye balkoni anakunywa chai. Si itaonekana nimedanganya tena?

Pili, jenereta. Nilipoandika ilikuwa inanguruma, nilikuwa naisikia. Is running ni ya sasa, na wewe umesema mwisho wa zamu tunaandika ya sasa. Mbona nayo ilikatwa?

Tatu, tuna mpangaji mmoja wa kutoka Marekani. Maji ya mgao yanakuja siku maalum, na kila akirudi jioni huniuliza, "Did the water come yet?" Anasema did, hasemi has. Huyo naye atakatwa na nani? Lugha si ni yake?

Na huyo C7, nimesahau kusema, aliniambia anapanda basi la usiku la Mombasa. Ningependa kuliweka hilo kwenye OB bila kuzua maneno.

Dada wa Meza ya Habari

Naomba nishike hilo la kwanza, kwa sababu ndilo linaloniweka kazini. Nasahihisha habari za Kiingereza, zamu ya usiku kama wewe.

Sasa ni ya anayeandika. Msomaji hana budi kujua uliandika lini, na hiyo ni kazi ya tarehe na saa iliyo juu ya maandishi yako. Kwenye habari tunafanya hivi, na mfano huu nautunga:

Three people have died after a matatu overturned on Thika Road. The accident happened at 5am near Githurai.

Sentensi ya kwanza inaleta jambo likiwa bichi, haina saa, kwa hiyo have died. Ya pili imeshika saa, basi happened, na kuanzia hapo mpaka mwisho wa habari ni was, said, took, overturned. Sikiliza taarifa yoyote ya Kiingereza ya jioni utausikia mpangilio huo huo, has kwenye sentensi ya kufungulia, kisha inapotea. Vijana wanaokuja kwetu kujifunza kazi huniletea has died on Tuesday, na ndiyo sentensi ninayoikata kuliko nyingine yoyote. Kwa hiyo ejenti wako ana mwenzake mjini.

Kwa OB yako mimi ningeandika As at 0600hrs mwanzoni mwa makabidhiano, pamoja na tarehe. Akisoma saa nne kwao, anajua ni hali ya saa kumi na mbili huku. Hujadanganya.

Angalia pia upande wa ejenti. Mwisho wa mwezi akiandika ripoti yake hawezi kunakili has not come back kutoka kwako, kwa sababu sasa yako kwake imeshakuwa zamani. Itabidi aandike By 0600hrs the tenant had not come back. Has imekuwa had, come imebaki come. Akinakili kama ulivyoandika wewe, mchukulie kalamu yake nyekundu.

Mkimbiaji wa Karura

Mimi hii kitu niliielewa kwa riadha. Faith Kipyegon has won the Olympic 1500 metres three times. Ni Rio, Tokyo na Paris, lakini sijataja miaka, na mama huyo bado anashindana, hesabu inaweza kuongezeka. Has.

Kelvin Kiptum ran 2:00:35 in Chicago in 2023. Huo ni muda wake wa marathoni, na mwaka upo, kwa hiyo ran. Ila hata ukiutoa mwaka huwezi kusema Kiptum has run three marathons. Alikimbia Valencia, London na Chicago, zote akashinda, na Februari 2024 akafariki. Hesabu imefungwa. He ran three marathons and won all of them. Kila nikiiandika hiyo ran roho inaniuma, lakini ndiyo sahihi.

Mwalimu Mstaafu

Dada wa habari amenipunguzia kazi, na huyu wa Karura ameleta kitu ambacho sikuwahi kukitumia darasani. Nitashika yaliyobaki.

Jenereta. Kiswahili kinasema "inanguruma tangu saa tisa", "naishi Kayole tangu 2011", -na- na tangu zinakaa pamoja kwa amani. Kiingereza hakikubali is na since. Is running inaonyesha sasa peke yake. Ukitaka sentensi ianzie saa tisa na kufika mpaka sasa, unasema The generator has been running since 0305hrs. Vivyo hivyo I have been living in Kayole since 2011, au I have lived, zote mbili zinafaa hapo.

Najua utaniuliza: si nimesema saa haikai na has? Since ni mlango mwingine. At 0305hrs inasema jambo lilitokea saa hiyo likaisha. Since 0305hrs inasema lilianza pale na halijaachia, kwa hiyo sasa bado imo ndani ya sentensi. Baada ya since weka pa kuanzia: since 0305hrs, since Monday, since 2011. Ukitaka kutaja urefu wa muda, tumia for: for three hours, for ten years. Since three hours naisikia hata kwa watu wenye digrii mbili.

Kuhusu has been running na has run, tofauti yake utaiona vizuri kwenye simu. I have been calling the technician ni "nimekuwa nikimpigia fundi", msomaji anakuona umeshika simu, labda hashiki, labda utaendelea. I have called the technician ni "nimempigia", limekwisha, fundi anajua. Ejenti akisoma ya kwanza atapiga mwenyewe. Akisoma ya pili atangoja fundi afike. Na ukianza kuhesabu, -ing inaondoka: I have called him four times, kamwe si I have been calling him four times. Halafu kuna matumizi moja ya has been ambayo askari anapaswa kuyajua. Ukikuta sakafu ya chini imelowa na tangi sasa halivuji, unaweza kuandika The tank has been leaking. Uvujaji umekoma, lakini dalili yake iko mbele ya macho yako.

Wapo vitenzi ambavyo kwa kawaida huikataa -ing. Know, own, believe, need, like. Mpangaji unayemfahamu tangu 2018 ni I have known him since 2018. Si I know him since 2018, wala I have been knowing him, ingawa hiyo ya mwisho nimeisikia mahakamani kutoka kwa shahidi aliyekuwa na hakika kabisa na alichokuwa akisema.

C7 sasa. The tenant of C7 has gone to Mombasa: yuko huko au yuko njiani, nyumba haina mtu, mwenzako aangalie mlango. Akirudi ndipo atakuwa has been to Mombasa, alikwenda akarudi. Kwetu sote ni "amekwenda", ndiyo maana watu huzichanganya. Lakini kwa geti si jambo la kuchanganya. Ukimwandikia has been mtu ambaye bado yuko Mombasa, askari wa mchana atadhani yuko juu, atapandisha mgeni, na mgeni atakuwa peke yake mlangoni kwa mtu. Kama hutaki kuzua maneno, andika alichokuambia na si zaidi: 2145hrs – Tenant of C7 left with two bags. Said he was going to Mombasa. Hujui kama alifika.

Mmarekani wako hana kosa. Kwao yet, already na just huenda na did na kitenzi cha kawaida cha wakati uliopita: Did the water come yet? I already ate. Mwingereza atasema Has the water come yet? I have already eaten. Mitihani yetu ya Kenya imefuata njia ya Uingereza, na wasomaji wako wako huko, kwa hiyo wewe shika has. Kwa swali lake la maji mjibu Not yet, inatosha pande zote. Ila ukimwambia The water has come yesterday, hata yeye atakunja uso.

Kimoja kidogo cha mwisho. Baada ya have na has ni umbo la tatu la kitenzi. Come, came, come. Go, went, gone. See, saw, seen. Take, took, taken. Wewe hukukosea hapo hata mara moja, nimeangalia mistari yako yote, na nakupa heko, kwa sababu has came na have went zimejaa hata kwenye barua za ofisi.

Nesi wa Buruburu

Naongeza kwa wanaotafuta kazi, maana hili linagharimu watu. Kwenye barua ya maombi ukiandika I have worked in the maternity ward for four years, umesema bado uko pale wodini. Ukiandika I worked in the maternity ward for four years, umesema ulishaondoka. Mwenzangu mmoja aliandika ya kwanza na alikuwa ameacha kazi kitambo. Kwenye mahojiano wakamuuliza atatoa notisi ya muda gani kwa mwajiri wake wa sasa. Akakwama. Wale watu wakadhani anaficha jambo, kumbe ni have tu.

Na ile "sijawahi" yetu: I have never worked nights, Have you ever worked nights? Ever na never hapo hazina tarehe, zinaangalia maisha yako yote mpaka leo. Ukishajibu yes, akikuuliza ni lini, hama mara moja: I worked nights in 2021. Usiendelee na have.

Soja wa Geti

Nesi, umenikumbusha kuna barua yangu iko mahali. Nitaipitia.

Nimerudi baada ya zamu. Haya ni ya usiku wa kuamkia leo, bado ejenti hajayaona:

1905hrs – Water came. I started the pump.
1940hrs – Visitor for A2 came in, has not signed the book.
2220hrs – Lift stopped with one person inside. I opened with the key.
0115hrs – Lift stopped again, nobody inside.
As at 0600hrs – Visitor of A2 has not left. Water has been running since 1905hrs. Lift has stopped two times tonight.

Ninayo shaka kwa mawili. Hiyo has not signed nimeiweka kwa sababu mpaka sasa kweli hajaweka sahihi. Na ya lifti, saa kumi na mbili asubuhi usiku umekwisha au haujaisha?

Mwalimu Mstaafu

Swali la lifti ni zuri. Tonight, today, this week, this morning hukubali has kama kipindi chenyewe bado hakijafungwa. Saa nne asubuhi utasema I have seen him this morning. Saa kumi jioni asubuhi imekwisha, unasema I saw him this morning, maneno ni yaleyale na kitenzi kimebadilika. Kwa hiyo ungekuwa unaandika saa nane usiku, The lift has stopped twice tonight ni safi. Saa kumi na mbili unavua koti unakabidhi funguo, mimi ningeufunga usiku: The lift stopped twice last night. Kisha ongeza hali yake ya sasa, maana anayepokea zamu hilo ndilo analolitaka: It is working now, au It has not worked since 0115hrs.

Ya A2, ukiwa kwenye mstari wa 1940hrs iondoe has. Andika did not sign kama alipita tu bila kuandika, au refused to sign kama ulimwambia akakataa. Chagua kwa makini kati ya hizo mbili, kwa sababu ejenti atakuuliza ni ipi. Kisha hali ya asubuhi ipeleke chini ya As at 0600hrs: Visitor of A2 has not signed and has not left.